Kuwa Mtoa Huduma Aliyeidhinishwa wa Ajira yenye Usaidizi kwa Watu Wenye Ulemavu Nairobi: Mwongozo Kamili

Ukizunguka ofisi za serikali hapa Nairobi ukiulizia leseni ya kutoa ajira yenye usaidizi, utatumwa kutoka dirisha moja hadi jingine, na si kwa ukaidi wa makarani, bali kwa sababu leseni moja yenye jina hilo haipo. Nchini Marekani, ambako mtindo huu ulikulia, idara za majimbo zinazoshughulikia urekebishaji wa kikazi ndizo zinazoidhinisha mashirika na kuyalipa kwa kumsaidia mtu kupata kazi na kudumu nayo. Kwetu idhini ni mkusanyiko wa vyeti kutoka mamlaka kadhaa, na kila cheti kina swali lake: ninyi ni nani kisheria, mnamhudumia nani, mna ruhusa ya kuwatafutia watu kazi, na siri zao mnazitunza vipi. Mpangilio ninaoufuata hapa ni ule ambao, baada ya miaka kadhaa ya kuwasindikiza wafanyakazi hadi kazini mwao, nimeona unapunguza safari za bure.

Kabla ya karatasi yoyote

Shirika lisiloweza kuieleza huduma yake kwa sentensi tatu litakwama hata likiwa na vyeti vyote ukutani. Ajira yenye usaidizi ni kazi halisi, yenye mshahara halisi, mahali pa kazi pa kawaida, ambapo mtu mwenye ulemavu anapewa msaada anaouhitaji ili aipate, aijifunze na aendelee nayo. Kiini chake ni kugeuza utaratibu wa zamani. Zamani mtu aliandaliwa kwanza, mara nyingi kwa miaka mingi katika karakana ya kusuka vikapu au kutengeneza sabuni, akingoja siku atakayotangazwa kuwa tayari, na siku hiyo kwa wengi haikufika. Mtindo mpya unampeleka kazini kwanza na kumfundisha akiwa hapo hapo, kwa vifaa vya pale na pamoja na wenzake wa pale. Wamarekani waliuingiza katika sheria zao katika miaka ya 1980, na marekebisho ya mwaka 1986 ya sheria yao ya urekebishaji yakaupatia fedha. Kwa watu wanaoishi na magonjwa ya akili, Robert Drake na Deborah Becker wa New Hampshire waliandaa utaratibu wenye vipimo vilivyo wazi: msaidizi mmoja asihudumie zaidi ya watu 20 kwa wakati mmoja, mwajiri wa kwanza afikiwe ndani ya siku 30 tangu mtu aanze kuhudumiwa, na yeyote anayetaka kazi asikataliwe kwa sababu ya jina la ugonjwa wake.

Vipimo hivyo si sheria ya Kenya, wala hakuna mkaguzi atakayekudai. Hata hivyo nashauri uviandike katika sera yako tangu mwanzo, kwa kuwa mfadhili au mwajiri akikuuliza unajipimaje, hilo ndilo jibu lisilobabaisha.

Hatua ya kwanza: umbo la kisheria

Kuna njia tatu za kawaida. Ya kwanza ni kikundi cha jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, inayohitaji wanachama wasiopungua 10 na kusajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Ni njia nyepesi na inafaa kwa wazazi au watu wenye ulemavu wanaotaka kuanza mtaani mwao, iwe Kayole, Kibra au Kawangware. Ya pili ni shirika la manufaa ya umma, chini ya sheria ya mwaka 2013 ambayo ilikaa kabatini miaka mingi kabla ya kuanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 1990. Ya tatu ni kampuni chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, ama ya hisa, ama ile ya dhamana isiyogawa faida, na maombi yake hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Kikundi cha jamii ni cha haraka, lakini waajiri wakubwa husita kutia saini makubaliano nacho. Kwa anayenuia kufanya kazi Nairobi nzima na kupokea fedha za wafadhili, shirika la manufaa ya umma au kampuni ya dhamana ndiyo njia, ijapokuwa taarifa za kila mwaka ni nyingi zaidi. Ukisajili kampuni ya hisa kwa sababu tu ni rahisi, jiandae kueleza kila mahali kwa nini biashara ya faida inaomba msaada.

Cha kuangalia zaidi ya yote ni kifungu cha malengo katika katiba ya shirika. Sisi tuliandika kwamba lengo ni "kuinua hali ya watu wenye ulemavu", maneno matamu yasiyobeba kitu. Miezi mingi baadaye ofisi moja ilitaka kuonyeshwa ni wapi katiba yetu inataja kazi, na hapakuwa na mahali. Ikabidi tuitishe mkutano mkuu, tuandike kumbukumbu, tubadilishe katiba na kungoja upya. Andika waziwazi kwamba shirika litawasaidia watu wenye ulemavu kutafuta, kupata na kudumisha ajira katika soko huria, litawafundisha wakiwa kazini, na litawashauri waajiri kuhusu marekebisho ya mahali pa kazi. Baada ya cheti, chukua PIN ya shirika, yaani namba ya mlipa kodi, kutoka Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), na ufungue akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja.

Hatua ya pili: Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu

Baraza hili lilianzishwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, na sasa linaongozwa na sheria mpya ya 2025 iliyoifuta ile ya kwanza. Makao yake yako Waiyaki Way, katika uwanja wa karakana ya mifupa ya Kabete. Baraza husajili watu binafsi na pia mashirika, na hapa ndipo jina la huduma yako linapoanza kuwa na uzito.

Fahamu mapema tofauti kati ya shirika la watu wenye ulemavu na shirika kwa ajili ya watu wenye ulemavu. La kwanza huongozwa na wenyewe, la pili huongozwa na wengine kwa niaba yao. Yote mawili yana nafasi, lakini usijifanye la kwanza kwa kupachika majina mawili katika kamati ambayo haijawahi kuwasikiliza. Peleka nakala ya cheti cha usajili, katiba, orodha ya viongozi na vitambulisho vyao, kumbukumbu za mkutano ulioamua kuomba usajili, na maelezo mafupi ya kazi zenu. Kama kiongozi mmoja ni kiziwi, nenda naye pamoja na mkalimani wa lugha ya ishara, naye azungumze mwenyewe. Mengi huamuliwa katika mazungumzo hayo kuliko katika fomu.

Hatua ya tatu: ruhusa ya kutafutia watu kazi, na ulinzi wa data

Hapa wengi hujikwaa bila kujua. Anayewaunganisha watu na waajiri kama biashara huhesabiwa kuwa wakala binafsi wa ajira, na mawakala hao husajiliwa na kusimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Iwapo mtawatoza waajiri ada ya kuwapatia wafanyakazi, omba usajili huo kabla ya kumpeleka mtu hata mmoja. Iwapo hamtozi mtu yeyote, andikeni barua kwa Mamlaka mkieleza kazi yenu, mwombe mwongozo kwa maandishi, kisha hifadhini jibu. Na kwa hali yoyote ile, anayetafuta kazi asitozwe hata shilingi ya fomu. Mji huu umejaa watu waliotapeliwa kwa "ada ya usajili", na familia ikishaona risiti ya kwanza haitakuamini tena.

Mafaili yenu yatakuwa na taarifa za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa hizo miongoni mwa data nyeti. Angalia katika kanuni za 2021 kama mnatakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na usikimbilie msamaha wa mashirika madogo kabla ya kuhakikisha kwamba shughuli zenu hazimo katika orodha ya zinazosajiliwa bila kujali ukubwa. Katika utendaji wa kila siku, kanuni ni moja: mwajiri anaelezwa msaada unaohitajika, haelezwi ugonjwa. "Anahitaji maagizo mafupi, moja baada ya jingine" inamtosha msimamizi. Dawa anazomeza kijana si shauri lake, na zikitajwa, zitajwe na mwenyewe au kwa ridhaa yake iliyoandikwa. Mtu mzima ndiye anayetia saini ya ridhaa. Mama yake anaweza kuketi kando, lakini kalamu inabaki mkononi mwa mwenye faili.

Hatua ya nne: watu wako

Msaidizi wa kazini si mlezi, wala si mwalimu wa darasani. Ni mtu anayeweza kufua, kupanga bidhaa au kuingiza hesabu kwa kiwango cha mahali husika, kisha akajiondoa taratibu bila kujitukuza. Kila mmoja awe na Cheti cha Mwenendo Mwema, kinachoombwa kupitia eCitizen na kukamilishwa kwa alama za vidole. Awepo angalau mmoja anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya vizuri, si herufi za vidole tu. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya iliyoko Kasarani, iliyoanzishwa mwaka 1986, inafaa kwa mafunzo na kwa tathmini. Na kama mtaendesha kozi zenye vyeti badala ya mafunzo ya papo kwa papo kazini, hilo ni jambo jingine lenye mamlaka zake za mafunzo. Msilichanganye na huduma hii.

Nauli iwekwe kwenye bajeti mapema. Msaidizi anayehudumia watu wanane, mmoja Kilimani, wawili Viwandani na wengine Ruaraka, anaweza kumaliza nusu ya siku ndani ya matatu.

Hatua ya tano: mtafuta kazi na wasifu wake

Hakikisha kila mtu amefanyiwa tathmini katika hospitali ya serikali iliyoruhusiwa na amesajiliwa na Baraza, kwa kuwa kadi ya usajili huo ndiyo inayofungua milango ya baadaye, ukiwemo msamaha wa kodi. Sensa ya 2019 ilihesabu asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi kuwa na ulemavu, takriban watu laki tisa, na miongoni mwao wamo wengi wasio na kadi.

Wasifu wa kikazi hauandikwi ofisini. Mtembelee nyumbani asubuhi anapoanza siku yake, uone anafanya nini bila kuambiwa, nini kinamchosha, nani anamsaidia, na anavukaje barabara. Tulikuwa na kijana wa Kawangware mwenye ulemavu wa akili ambaye familia yake ilisema hawezi kazi yoyote. Tulipofika kwao tukakuta nguo za majirani watatu zimeanikwa kwenye kamba, za kila nyumba peke yake, soksi zikiwa jozi kwa jozi. Yeye ndiye aliyezianika. Wasifu wake ulianzia pale kwenye kamba.

Kusafiri nako hufundishwa. Tulipanda naye matatu za njia namba 46 asubuhi tano mfululizo, na siku ya sita msaidizi akakaa kiti cha nyuma bila kusema neno. Siku ya mvua ni somo la pekee, kwa sababu nauli hupanda na gari huweza kuishia njiani. Kijana huyo hubeba kikadi chenye namba mbili za simu na noti ya ziada iliyokunjwa ndani yake, asiyoruhusiwa kuigusa siku ya jua.

Hatua ya sita: mwajiri

Usiende kuomba huruma, nenda na hesabu. Sheria ya 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu, yaani mtu mmoja kwa wafanyakazi 20 na watatu kwa 60. Sheria ya 2003 ilimruhusu mwajiri binafsi kuomba apunguziwe mapato yanayotozwa kodi kwa kiasi kinacholingana na asilimia 25 ya mshahara wa mfanyakazi huyo, na asilimia 50 ya gharama za kurekebisha mahali pa kazi. Sheria mpya nayo inatoa motisha kwa waajiri, na mhasibu wa kampuni aisome mwenyewe kabla ya kupiga hesabu. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kodi haijawahi kumshawishi msimamizi wa zamu. Kinachomshawishi ni kusikia kwamba kwa wiki za mwanzo kutakuwa na mtu wa kumfundisha mgeni, na kwamba kukitokea tatizo kuna namba ya kupiga na mtu atafika.

Kataa mshahara pungufu. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi kuwa shilingi 16,113 na ushei kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba, na ulemavu si sababu ya kushuka chini ya kima kinachotumika. Pendekezo la "aje ajaribu kwanza kwa nauli tu" husikika la kiungwana, nami nimeliona likigeuka miezi minane ya kazi bila malipo. Makubaliano ya maandishi na mwajiri yataje saa, mshahara, muda wa majaribio, jina la msimamizi na siku za msaidizi kuwapo. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu majaribio ya hadi miezi sita, na kuongezwa kwa ridhaa ya mfanyakazi, bila kuzidi mwaka kwa jumla.

Hatua ya saba: kufundisha kazini

Hapa ndipo penye huduma yenyewe, na ndipo pa kutumia muda mwingi. Msaidizi huifanya kazi ile mwenyewe kwa zamu moja au mbili kabla ya mfanyakazi kufika, kisha anaivunja katika vipande vidogo kiasi cha kutazamika kimoja kimoja. Kwa kijana wetu, aliyepata nafasi katika dobi la hoteli moja ya Kilimani, kukunja taulo kulikuwa na vipande 11: toa taulo kwenye toroli, tafuta lebo, weka lebo chini kushoto, lete ukingo wa kulia juu ya wa kushoto, pitisha kiganja, na kuendelea hadi rundo la taulo kumi linapowekwa rafuni.

Kwa kila kipande tuliandika kila siku kama alikifanya peke yake, kwa kuonyeshewa kidole, kwa kuambiwa, au kwa kuongozwa mkono. Siku ya kwanza alifanya vinne peke yake, na mwishoni mwa wiki ya pili vikawa tisa, kisha akakwama. Msimamizi akadhani amefikia kikomo. Karatasi ilionyesha vingine: kukunja hakukuwa na kasoro hata moja, ila kuhesabu hadi kumi kulikatizwa kila mwenzake alipomsalimia. Tukabandika selotepu nyekundu kwenye nguzo ya rafu, kwa urefu wa taulo kumi zilizokunjwa. Rundo likigusa wekundu, limetosha. Wiki iliyofuata wenzake wawili nao walikuwa wakiitumia.

La pili lilituaibisha. Siku nne kijana alirudi nyumbani na njaa, kwa sababu chakula cha wafanyakazi hutolewa kwa kutia saini katika daftari lililoko jikoni, na katika vipande vyetu vyote hatukuandika chakula. Tangu hapo uchanganuzi wetu huanzia langoni kwa askari na kuishia langoni, ukipitia choo, kabati la nguo, chai na daftari hilo.

Msaada hupunguzwa kwa namba zilizo kwenye karatasi, wala si kwa kuwa bajeti imekwisha. Tafuta mwenzake wa zamu aliye tayari kuwa tegemeo la kawaida, mwelekeze, kisha punguza siku zako kutoka tano hadi tatu, hadi moja, hadi simu ya Ijumaa. Nyakati za hatari ni mwezi wa tatu, msaidizi anapojisahau, na siku anapobadilishwa msimamizi. Nenda siku hiyo hata kama hujaitwa.

Baada ya vyeti

Tunza faili moja kwa kila mtu: ridhaa, wasifu, makubaliano, karatasi za kila siku, na nakala ya hati ya mshahara ya kila mwezi. Faili hizo ndizo mfadhili, Baraza au mwajiri mpya atakazoziangalia akitaka kujua kama jina la mtoa huduma mnalistahili. Taarifa za mwaka za shirika na ritani za KRA ziwasilishwe kwa wakati hata mwaka ambao hamkupokea chochote.

Hati ya mshahara isomwe kila mwezi, isiwekwe tu. Mtu mwenye ulemavu aliyepata cheti cha msamaha kutoka KRA hatozwi kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Mkunja taulo hatauhisi msamaha huo, kwa kuwa mshahara wa hadi shilingi 24,000 haufikii kutozwa kodi ya mapato, na makato ya hifadhi ya jamii, bima ya afya na nyumba yanabaki palepale. Kwa karani wa hesabu mwenye uoni hafifu tunayemhudumia, tofauti ni kubwa. Mwezi mmoja malipo yake yalishuka ghafla, naye akanyamaza akidhani ameadhibiwa kwa kuchelewa. Cheti chake cha msamaha kilikuwa kimeisha muda, na hakuna aliyekuwa ameandika tarehe. Sasa tarehe hiyo tunaiandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la kila faili, na miezi mitatu kabla haijafika tunaanza kuomba upya.